Kabla Mkono Haujafika

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Shule ya uuguzi ndiyo iliyonifundisha, na ilinifundisha vizuri mno, kiasi kwamba hadi leo siwezi kukaa kanisani kwa utulivu. Wenzangu wanasikiliza kwaya. Mimi naangalia kucha za mpiga ngoma, kama zimevimba na kupinda. Kwenye harusi ya binamu yangu kule Fizi niliacha wali ukapoa nikawa namtazama bibi harusi viganja, maana vilikuwa vyeupe kupita kiasi, na kila alipoinuka kucheza alirudi kitini anahema. Nilimwambia shangazi kwamba msichana yule damu yake ni haba. Shangazi akaniambia nitafute mtu mwingine wa kumwonea wivu. Miezi michache baadaye walikuja wenyewe kuniuliza damu inapatikana wapi.

Mwalimu wetu alikuwa na kanuni moja: kwanza macho, mikono baadaye. Mgonjwa akiingia mlangoni, alisema, msiharakishe kumshika. Mtazameni anavyotembea, upande gani anaulinda, anavuta pumzi vipi wakati hajui kwamba anatazamwa. Mdomo wake utadanganya, kwa aibu, kwa woga, au kwa sababu mama mkwe amesimama nyuma yake. Mwili haujui kudanganya. Niliishika kanuni hiyo kama watu wengine wanavyoshika rozari. Jambo ambalo mwalimu hakutuambia ni kwamba macho yanayotazama mwili yanaweza kuwa na nia nyingine kabisa, isiyo ya kutibu.

Hilo nilifundishwa na vita vya pili vya nchi yetu. Miaka ile Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, ilikuwa mikononi mwa wanajeshi waliotoka mbali, na vilima vyote vya kuelekea Fizi vilikuwa mikononi mwa watu wa porini, ambao walikuwa ndugu zetu, mashemeji zetu na wanafunzi wa shule zetu. Sisi raia tulikaa katikati, tukila bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, siku zilipopatikana. Kila njia ilikuwa na bariyeri, kizuizi cha askari, na kwenye kila bariyeri kulikuwa na mtu wa kupima. Walivua watu mashati kutafuta alama ya mkanda wa bunduki begani. Walitazama miguu kama kiatu cha jeshi kimekwangua nywele. Walihesabu chale kifuani. Nilimjua seremala mmoja aliyekuwa na sugu begani kwa kubeba mbao. Mwaka mzima hakuvua shati hata akienda kuoga ziwani.

Ugonjwa huo wa kupimana ulituingia sote. Mwanamke akipika sombe, yaani kisamvu, chungu kikubwa, jirani anajiuliza chungu kile ni cha nani. Mtu akinunua chumvi kuliko kawaida ya nyumba yake, sokoni wanaangaliana. Mimi niliyezaliwa na shuku zangu sikupata shida kuzoea. Wenzangu wa kituo cha afya walikuwa wamevuka ziwa kwenda Kigoma, tukabaki wawili: mimi, na mzee wetu wa usafi aliyechemsha sindano na kufagia. Sikuondoka kwa sababu mama yangu alikuwa Fizi na miguu yake haikuweza kumfikisha popote, na kwa sababu mimi ni mkaidi.

Asubuhi moja kamanda wa mji alikuja kituoni. Alikuwa mtu mtaratibu, sauti ya chini, sare imepigwa pasi wakati sisi hata makaa ya kupikia tuliyatafuta kwa tochi. Mtu wa namna hiyo namwogopa kuliko anayefoka. Alisema kwamba katika kashoti yake, darasa la shule lililotiwa komeo, kulikuwa na wanaume waliokamatwa njia ya Mukera, na anaogopa wasije wakawa na kipindupindu wakawaambukiza askari wake. Aliniomba, tena kwa adabu, niwapime mmoja mmoja. Niliitika, kwa sababu ombi la mtu mwenye bunduki ni ombi la jina tu. Nikamwambia mzee wa usafi achukue ndoo anifuate, tugawane kazi, watu wamalizike mapema. Kamanda akakataa. Mzee abebe maji tu, alisema. Wa kuwapima ni mimi.

“Mwanamuke iko na mukono ya huruma,” alisema.

Njiani nilikuwa naitafuna kauli hiyo kama nyama iliyokataa kuiva. Kwanza, kipindupindu hakitafutwi kwenye ngozi. Mwenye nacho ndoo yake ndiyo inayosema. Pili, tangu lini kamanda akawatakia huruma watu aliowafungia?

Waliwatoa nje wakawapanga kwenye kivuli cha ukuta wa shule, vifua wazi. Mimi nikapewa meza na beseni la maji. Kamanda akaagiza kiti, na hapo shuku yangu ikapata miguu ya kusimamia. Mtu anayetaka kujua ugonjwa hukaa karibu na muuguzi, amwone anavyofanya, amuulize. Yeye alikiweka kiti pembeni, mahali ambapo hakuona uso wangu wala alichokuwa nacho mgonjwa. Alichoona vizuri kutoka pale ilikuwa nafasi kati ya mkono wangu na mtu.

Nilianza. Wa kwanza, kijana mwenye mapunye kichwani. Nikamshika kichwa, nikamtazama kope, nikambonyeza tumbo, nikampitisha. Wa pili upele, kati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono kwa ndani. Wa tatu hakuwa na kitu ila njaa. Wa nne alikuwa mzee wa makamo, mtu wa familia za Kiislamu za pale ufukweni, muuza mafuta ya mawese ambaye nusu ya Baraka ilimjua. Nilipomnyooshea mkono akarudi nyuma hatua nzima, viganja vimeinuliwa.

Kamanda akasimama. Askari wawili wakasogea.

“Samahani, mama,” muuza mawese alisema. “Niko na udhu, na saa ya kuswali inafika. Ule mzee wa ndoo anipime, ao ningoje niswali kwanza.”

Kamanda akamwuliza maswali, akamtaka asome sala zake, naye akazisoma, ndefu, bila kukwama, hata askari mmoja aliyekuwa wa dini hiyo akatikisa kichwa kukubali. Kamanda akakaa tena. Akasema mzee huyo apitishwe bila kupimwa. Kipindupindu kikasahauliwa hapo hapo, na mimi nikiwa na mkono bado hewani nikaelewa nilichoitiwa.

Watu wa porini walikuwa na maji yao ya dawa. Kila mtu Fizi nzima aliyajua, na aliyajua masharti yake kama anavyojua siku za mfungo. Aliyenyunyiziwa maji yale risasi haimpati. Lakini asiibe, asile vyakula fulani, na zaidi ya yote asiguswe na mwanamke ambaye bado ana umri wa kuzaa. Asipokee kikombe kutoka mkononi mwake, asipewe mkono wa salamu. Akiguswa, maji yanakauka, na anakuwa nyama kama watu wengine. Siyacheki mambo hayo, na siyaamini. Lakini wao waliyaamini, na kamanda alijua kwamba wanayaamini. Hakuhitaji kutafuta chale wala alama ya mkanda. Alihitaji mwanamke wa kunyoosha mkono, na yeye akae pembeni aone nani ataruka.

Hasira niliyoisikia sitaki kuipunguza hapa. Mikono yangu nimeisomea. Nimepokea nayo watoto, nimefunga nayo macho ya wafu. Mtu ameiazima kwa adabu akaifanya mtego wa panya, tena mbele ya watu wa kwetu, ili kesho waseme ni mimi niliyewatoa. Nilinawa polepole kupata muda wa kufikiri, lakini aliyefuata alikuwa ameshafika.

Alikuwa kijana mrefu, wa umri wa kuoa. Nilimtazama kama nilivyofundishwa, kabla ya kumshika, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona mgonjwa wa kweli. Alitembea ameinamia upande wa kulia, kama mtu aliyebeba ndoo isiyoonekana. Mkono wa kushoto alikuwa ameupeleka begani kulia, analisugua. Pumzi zake zilikuwa fupi, anazikatisha juu juu. Jasho limemtoka ingawa tulikuwa kivulini. Ngozi yake ilikuwa na rangi ya majivu, na alipoinua macho, pembeni mwa weupe mlikuwa na umanjano kidogo, wa kupita kama huutafuti. Mwanga ulikuwa unampiga ubavuni, na upande wa kulia, chini ya titi, mabonde kati ya mbavu yalikuwa yamejaa. Upande wa kushoto ungeweza kuzihesabu mbavu zote. Kulia palikuwa pamenyooka. Jipu la ini, nilijiambia. Muulize kama aliharisha damu majuma yaliyopita.

Nikanyoosha mkono, naye akaruka.

Sasa hapa naomba nieleweke, maana hapa ndipo nilipojua mambo mawili kwa pamoja. Maumivu husubiri mkono ufike. Ukimgusa mtu mahali panapouma, anajikunja baada ya kuguswa, au vidole vikiwa vimebakiza unywele. Huyu aliruka mkono ukiwa bado mbali, nao ulikuwa unaelekea usoni, kwenye kope, siyo ubavuni. Ni kweli kwamba mtu aliyeumwa muda mrefu huogopa hata upepo. Lakini macho yake hayakuuangalia mkono kama kitu kitakachouma. Aliutazama kama mtu anavyomtazama nyoka aliyeingia ndani ya nyumba.

Kamanda alikuwa ameshasimama. Alisema kwa sauti yake ile ya chini kwamba huyu haruki kwa ajili ya udhu, na tena mwone anavyosugua bega la kulia, bega la kitako cha bunduki. Askari wakamshika mikono. Kijana alinitazama mara moja tu, na mtu akiniuliza sura ya anayesubiri kufa naikumbuka ile.

Nikasema huyu ana jipu kwenye ini, na asipotibiwa atakufa bila mtu kupoteza risasi. Kamanda akaniambia nithibitishe. Nimguse, basi, tuone. Nikamjibu kwamba nikimgusa mimi, yeye kamanda atasema nimebonyeza kiuongo. Watu wa huku ni ndugu zangu. Kwa nini aniamini? Aje abonyeze mwenyewe. Nilisema hivyo kwa ukali, kama ninayemkemea mwanafunzi, na nadhani ukali ndio uliomleta. Alikuja, nikamwonyesha kwa kidole changu, bila kufika kwenye ngozi, nafasi ya kati ya mbavu.

“Tia kidole yako pale,” nilimwambia. “Moya tu. Bonyeza.”

Alibonyeza. Kijana alitoa sauti ambayo sitajaribu kuiandika, akaning'inia mikononi mwa askari. Kidole cha mwanaume kilikuwa kimemshtua kama mkono wangu, tena zaidi. Nikamwambia kamanda sasa abonyeze lile bega. Akabonyeza, akasugua, akalizungusha. Kijana hakushtuka. Nikamweleza kwamba ini likivimba maumivu yake hupanda mpaka begani kulia, ingawa bega lenyewe ni zima. Bega lililopigwa na kitako cha bunduki lingeuma likishikwa. Hayo yote ni kweli, yamo katika vitabu. Niliulizwa ugonjwa, nikajibu ugonjwa. Lile jambo la pili, la kuruka kabla mkono haujafika, hakuna aliyeniuliza.

Lakini kamanda hakuwa mjinga. Alifuta kidole chake kwa leso, akasema kijana atalala kituoni kwangu. Akitoroka, atanikamata mimi. Na akipona, yeye mwenyewe atakuja, na mimi nitamgusa mgonjwa wangu mbele yake, mwili mzima, wakati ambapo hakuna ini la kusingiziwa.

Basi tukawa hivyo. Kupona kwake kulikuwa ndiyo hatari yake, na mimi ndiye niliyekuwa namponya.

Mama yake alifika kesho yake kutoka upande wa Kilembwe, mwanamke mzee mkavu, mwenye macho ya kupekua kuliko hata yangu. Aliweka mkeka wake chini, kando ya kitanda, akakaa. Hakuniamini hata chembe. Nilipoleta vidonge vya amiba alichukua kimoja, akakiuma nusu, akakitafuna akinikazia macho. Vidonge vile ni vichungu, vinaacha ladha ya msumari mdomoni. Alitema, akaniuliza kama kituo hiki kinatibu watu au kinawamaliza kwa karuho, ndiyo sumu ambayo kwetu kila kifo kinasingiziwa. Nikachukua ile nusu iliyobaki nikaimeza mbele yake. Akangoja kuona kama nitaanguka. Sikuanguka, na mtoto wake akapewa dawa.

Lakini hakupewa na mimi. Nilipomnyooshea kijana kikombe, mama aliingiza mkono wake katikati.

“Weka pa chini,” alisema. “Mi nitamupa. Mi nimeshazeeka, mukono yangu haina mambo.”

Nilikiweka chini, na yeye akajua kwamba nimejua. Tangu hapo hatukulizungumza, ila tulichungana kama paka wawili kwenye ua mmoja. Yeye alishuku kwamba nitamwuza mwanawe. Mimi nilishuku kwamba siku yoyote nitaamka nikute kitanda kitupu, na askari wa kamanda mlangoni. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, na nikahamishia kiti changu pale kwenye korido niweze kuona mlango.

Nilimtibu kwa macho tu. Sijawahi kumtibu mtu hivyo kabla wala baada yake. Niliketi mbali na kitanda nikatazama kifua kinavyopanda, upande wa kulia ukianza polepole kufuatana na wa kushoto. Nilimwambia atoe ulimi dirishani. Nilishika kope langu mwenyewe nikalivuta chini, naye akaiga, na siku baada ya siku umanjano ule ulijiondoa. Mabonde kati ya mbavu yakarudi. Kwanza alilala chali, kisha siku moja nikamkuta amelalia ubavu wa kulia, usingizi mzito, na mimi ambaye kwa mgonjwa mwingine ningefurahi, nilianza kuhesabu siku. Alikuwa anapona kwa haraka mno.

Taarifa ilikuja siku ya soko, mchana. Askari alipita akamwambia mzee wa usafi kwamba kamanda atafika kesho asubuhi kumwona mgonjwa wake. Nilifunga mlango wa wodi, nikawaambia wote wawili wazi wazi, bila kuzungushazungusha. Kesho nitamshika. Usoni, shingoni, tumboni, mgongoni. Akitetemeka hata ukope, atauawa, na mimi sidhani nitaachwa.

Kijana alikuwa ameketi kitandani. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha zaidi ya neno moja. Hakuwa na jeuri. Alisema ananishukuru kwa dawa, lakini mkono hapana. Alisema maji yale hayasamehe. Mwanamke akimgusa, basi ameisha, na siku ile atakaporudi kwa wenzake risasi ya kwanza itakuwa yake. Afadhali afe kesho mikononi mwa kamanda, kifo kinachojulikana, kuliko kutembea akiwa mtupu. Alisema hayo kwa utulivu wa mtu anayeeleza njia ya kufika nyumbani. Nilitaka kumpiga kofi, na nikakumbuka kwamba hata kofi haliruhusiwi.

Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliuweka kando. Aliinuka, akaja akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake vigumu kama kamba, na kabla sijajua anachotaka akanivuta mpaka kitandani.

“Mushike,” aliniambia.

Kijana akasogea mpaka ukutani. Hakukuwa na mahali pengine pa kwenda.

“Mama, unaniua.”

“Bakaka yako bote balikuwa na ile maji,” mama alisema. “Nilibazika nayo. We nakutaka mukavu.”

Akaweka mkono wangu juu ya kichwa cha mwanawe. Aliukandamiza kwa mikono yake miwili, kama anayeziba chungu kinachofurika. Nilisikia nywele zake, kisha joto la kichwa, la kawaida, homa imekwisha. Kijana alifumba macho. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimshuka tu, na mwili wote ulikuwa unatetemeka chini ya kiganja changu. Mama hakumwonea huruma. Aliuhamisha mkono wangu usoni, akaupitisha kwenye mashavu, shingoni, kifuani, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kiganja kwa kiganja.

“Mushike fasi yote,” aliendelea kuniambia. “Isibakie hata kidogo.”

Nilimshika pote. Nilianza kwa kuongozwa, nikamaliza mwenyewe, na kwa kuwa mikono yangu haijui kazi nyingine ilikuwa inapima yenyewe: ini limerudi chini ya mbavu, tumbo laini, mapigo ya moyo ya kasi mno lakini yenye nguvu. Nilipofika ubavuni pale, nilibonyeza kwa kidole kati ya mbavu. Hakushtuka. Alikuwa amepona. Nilimwambia mama kwamba amepona, na hapo ndipo mama yule alipokaa sakafuni akalia, na mimi nikakaa naye nikalia pia, kwa woga wa kesho na kwa uchovu.

Kamanda alikuja kama alivyosema, sare imepigwa pasi. Akaweka kiti chake pembeni. Nikamshika kijana mbele yake, kope, shingo, tumbo, mgongo, naye akasimama kama gogo, akiangalia ukuta, kama mtu ambaye nyumba yake imeshaungua na hana tena cha kulinda. Kamanda alinifanya nirudie. Nikarudia. Mwisho akainuka, akasema kijana aende na mama yake. Nilidhani yamekwisha. Alipofika mlangoni akageuka.

“Mukono yako iko muzuri, mama munganga,” alisema. “Kesho kutwa nitaleta bengine.”

Kijana na mama yake waliondoka siku ile ile, wakapata mtumbwi wa kuvuka kwenda rasi ya Ubwari. Hakuniaga, wala sikutegemea. Mimi nilibaki na mikono yangu muzuri.

Nilifikiri kutoroka, nikafikiri miguu ya mama yangu. Kisha nikafikiri kwamba mtu ambaye maisha yake yote ametazama dalili za magonjwa anaweza, akitaka, kuziandika. Upele nilijua unakaa wapi: kati ya vidole, kwenye kifundo cha mkono kwa ndani, kwenye kiwiko. Nilichukua brashi ya kusugulia sufuria nikajikwangua sehemu hizo hizo, siyo nyingine, mpaka zikatoa majimaji. Nikapaka dawa ya zambarau, nikaongeza marhamu ya kiberiti, ambayo harufu yake mtu anaisikia kabla hajapiga hodi. Kesho kutwa kamanda alipoingia na watu wake nikamwendea kwa furaha, mikono yote miwili mbele, nimsalimie.

Aliruka nyuma, mikono yangu ikiwa bado mbali.

Aliniuliza nimeambukizwa na nani. Nikamwambia ni wale watu wa kashoti yake, na kwa heshima nikamwuliza kama yeye hajaanza kuwashwa, kwa kuwa siku ile naye alimbonyeza mmoja. Aliutazama mkono wake wa kulia kwa muda mrefu. Nikampa kopo la marhamu, nikalisukuma mezani kwa karatasi. Watu aliowaleta walipimwa na mzee wa usafi, kwa mikono yake ya kiume, na hakuna hata mmoja aliyeruka. Nilizilinda dalili zangu kwa brashi mpaka kamanda yule alipohamishwa.

Miezi mingi baadaye, mapigano yalipokuwa yamehamia kwingine, nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kituo nikamwona yule mama wa kijana anakuja kutoka upande wa ziwa na beseni kichwani, kitambaa kimefunika mpaka kwenye nyusi. Sikumwita, na sikutaka kuulizwa hali wala kuuliza. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mtoto hunyoa kichwa, na mimi, kama ilivyo tabia yangu, nilitaka nione kabla sijaambiwa. Alikuja polepole, anaogopa kumwaga ndagala. Nilimsubiri hadi akafika, akatua beseni, akakivuta kitambaa kujifuta jasho. Nywele zilikuwa zimesukwa upya, na bado zilikuwa na mafuta.